Sura, Kitambaa na Karatasi: Mwongozo wa Kutengeneza Picha ya Mtu kwa Vifaa Mseto

Katika picha ya vifaa mseto rangi haifanyi kazi peke yake. Uso unaweza kuwa wa akriliki, shati likawa kitambaa cha kweli kilichobandikwa, na nyuma ya mtu pakawa kurasa za daftari. Wengi wanaoanza huvutiwa na wingi: kanga, magazeti, shanga, mchanga na sarafu, vyote kwenye ubao mmoja. Mwishowe sura ya mtu humezwa na vitu, na mwaka haujaisha vitu vyenyewe vinaanza kubanduka.

Mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja: bandika kile tu ambacho brashi haiwezi kukisema. Brashi inaweza kuchora shati la bluu, kwa hiyo bluu peke yake si sababu ya kubandika shati. Lakini brashi haiwezi kuutoa mwandiko wa mtu aliyeandika vipimo vya wateja kwa kalamu ya risasi maisha yake yote. Huo unastahili gundi.

Tutafuata mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho: picha ya fundi cherehani mzee, kichwa na kifua, kwenye ubao wa sentimita 60 kwa 80. Kama wewe unamchora bibi yako, mvuvi au kondakta wa daladala, hatua ni zile zile. Kinachobadilika ni vitu vyake.

Tazama kazi za waliotangulia

Mwaka 1912 Pablo Picasso alibandika kwenye picha kitambaa kilichochapwa mfano wa ususi wa kiti, akaizungushia picha hiyo kamba. Tangu hapo wachoraji wamekuwa wakijiuliza kitu halisi kinaongeza nini juu ya rangi. Yapo majibu ya kisasa ambayo ni vizuri uyaangalie kabla hujanunua gundi.

Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, hukata kurasa za majarida ya mitindo na michoro ya vitabu vya zamani vya tiba, akaviunganisha kuwa nyuso na miili ya wanawake. Karatasi zenyewe zinabeba namna dunia ilivyozoea kuutazama mwili wa mwanamke. Njideka Akunyili Crosby, mzaliwa wa Enugu nchini Nigeria anayeishi Los Angeles, huhamishia kwenye kazi zake picha za familia na za majarida ya kwao, zikaenea ukutani, sakafuni na kwenye nguo za anaowachora. Ukiwa mbali unaona watu wamekaa sebuleni. Ukisogea unaiona nchi waliyotoka.

Amoako Boafo wa Ghana hupaka nyuso kwa vidole badala ya brashi, na nguo huzipa maua kwa kuhamisha ruwaza kutoka kwenye karatasi. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, yeye habandiki kitu juu: hupaka rangi ya mafuta kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kutoka Uganda, na matundu na mishono ya gome huyaacha yaonekane.

Angalia jinsi kila mmoja alivyojibana. Mutu na karatasi zake, Boafo na vidole na ruwaza, Armitage na gome. Hakuna aliyemwaga kabati zima kwenye picha moja. Na usiseme huna duka la vifaa vya sanaa mtaani kwenu: Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli.

Chagua vitu kabla ya rangi

Nenda ukakae na mtu wako anapofanya kazi. Tazama meza yake, mifuko yake na alichokitundika ukutani. Kisha chukua karatasi, uigawe safu tatu: kitu, kinasema nini, kitakaa wapi. Kwa fundi wetu orodha inaweza kuwa hivi:

- Kurasa za daftari la vipimo. Zinaonyesha mkono wake na miaka ya kazi. Zitakaa nyuma ya kichwa na kushukia bega la kushoto.
- Mabaki ya vitambaa vya wateja. Amevalisha watu mtaa mzima. Yatakuwa shati lake.
- Vifungo viwili visivyofanana. Anawashonea wengine, shati lake mwenyewe hana muda nalo. Vitakaa kifuani.
- Mkasi, sindano, pamba na uzi. Vinasema tu kwamba ni fundi, jambo ambalo vitu vitatu vya kwanza vimeshalisema. Viondoe.

Safu ya katikati ndiyo chujio. Ukishindwa kuijaza, au ukajikuta umeandika "kinapendeza", kitu hicho kirudi kwenye sanduku. Aina tatu za vitu zinatosha kwa ubao wa ukubwa huu.

Kanga ihesabiwe kwa uangalifu wa pekee, maana yenyewe inasema. Ina pindo, ina mji (sehemu ya katikati), na ina jina (maneno yaliyoandikwa). Ukikata kipande chenye jina ukakiweka kifuani pa mtu, umemtia maneno hayo mdomoni. Hakikisha ni maneno ambayo angekubali kuyavaa mbele ya majirani. Ukitaka maua ya kanga bila maneno, kata kwenye mji au pindoni uliache jina. Na usikate kanga ya marehemu bila kuwauliza wenye nayo. Piga picha, uchapishe, ubandike karatasi.

Omba ruhusa ya mambo mawili: sura yake na vitu vyake. Daftari la fundi lina majina na namba za simu za wateja. Unapotoa fotokopi, funika majina na namba hizo za simu kwa vipande vya karatasi nyeupe, ubakize vipimo. Picha za majarida nazo zina wenyewe. Kwa kazi utakayoiuza, tumia picha ulizopiga mwenyewe au ulizopewa na familia.

Vifaa vya kuwa navyo

- Ubao wa MDF au hadibodi wa milimita 6, na papi za mbao za kushikilia nyuma.
- Geso ya akriliki, au andakoti nyeupe ya maji ya aina nzuri.
- Midiamu ya akriliki isiyong'aa, kopo moja. Hii ndiyo gundi yako na pia ndiyo ya kulainishia rangi.
- Jeli nzito ya akriliki, kopo dogo, kwa kuhamishia picha.
- Rangi za akriliki: nyeupe, manjano ya oka, sienna iliyochomwa, amba iliyochomwa, nyekundu iliyokolea na bluu ya ultramarini.
- Brashi bapa ya inchi mbili, brashi bapa mbili za kati, moja nyembamba ya mviringo, na kisu cha rangi.
- Msasa laini, mkasi mkali, wembe, kadi ya plastiki ya zamani, sponji, karatasi ya kuokea keki.

Gundi nyeupe ya maseremala inashika, na kwa mazoezi haina shida. Kwa kazi ya kudumu chagua midiamu ya akriliki, kwa sababu gundi nyingi za mbao hugeuka manjano na nyingine hulainika tena zikipata maji.

Kuna sheria moja ya kuiandika ukutani: maji chini, mafuta juu. Rangi ya mafuta inaweza kukaa juu ya akriliki iliyokauka. Akriliki juu ya rangi ya mafuta haishiki. Itakatika na kuchubuka. Rangi za kung'aa za milango, madirisha na baiskeli zote zihesabu upande wa mafuta. Ukitaka kuzitumia, ziwe za mwisho.

Hatua ya 1: Ubao usiopinda

Kwa kazi ya kubandika, ubao ni salama kuliko kanvasi. Kanvasi hunesa kila inapoguswa, na karatasi iliyokauka juu yake huvutika mpaka ikapasuka au kubanduka. Mwambie seremala akugongee fremu ya papi kwa nyuma.

Piga msasa upande wa mbele mpaka mng'ao uishe, futa vumbi, kisha paka tabaka la midiamu mbele, nyuma na kwenye kingo zote nne. Wengi huruka upande wa nyuma kwa kuwa hauonekani. Ubao uliozibwa upande mmoja hunyonya unyevu upande wa pili, ukapinda. Na anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja anajua unyevu wa huko haubembelezi. Tabaka hilo pia huzuia ukahawia wa mbao usipande na kutia madoa weupe wa juu.

Likikauka, paka geso mara tatu: ya kwanza kwa kulala, ya pili kwa kusimama, ya tatu kwa kulala tena, ukipitisha msasa kidogo kila tabaka linapokauka. Malizia kwa kupaka ubao mzima amba iliyotiwa maji mengi, iwe kahawia nyepesi. Kuchora ngozi nyeusi juu ya weupe mtupu hudanganya macho: kila rangi huonekana nzito kuliko ilivyo, nawe utajikuta unaogopa giza.

Hatua ya 2: Picha ya rejea na mchoro

Mkalishe mtu karibu na dirisha, mwanga umpige upande mmoja, taa za ndani zizimwe. Simama kama mita mbili kutoka alipo na uvute picha kwa kamera ikiwa usawa wa macho yake. Simu ikisogezwa karibu sana hukuza pua na kurudisha masikio nyuma, na kosa hilo ukilinakili huwezi kulirekebisha kwa rangi.

Chora miraba juu ya picha iliyochapishwa na miraba idadi ile ile juu ya ubao, kisha hamisha mistari mraba kwa mraba. Kichwa cha mtu mzima toka kidevuni hadi utosini ni takriban sentimita 22 mpaka 24. Kwenye ubao huu kifanye 28 hivi, ili uso ubaki mkuu hata vitu vikijaa pembeni.

Vipimo vya kukusahihisha ni hivi. Mstari wa macho huangukia katikati ya utosi na kidevu, wala si juu kama wengi wanavyochora. Kati ya jicho na jicho huingia jicho moja. Toka kwenye nyusi hadi chini ya pua, na toka chini ya pua hadi kidevuni, ni karibu sawa. Sikio hukaa kati ya usawa wa nyusi na usawa wa chini ya pua. Hivi ni vya kuanzia tu. Kwa mzee, pua na masikio huwa yamerefuka, na asiye na meno kidevu chake hukaribia pua. Mpime yeye, kanuni ikipishana naye, mfuate yeye.

Chora kwa penseli au penseli ya rangi ya kahawia. Mkaa ni mtamu mkononi lakini unga wake huingia kwenye rangi ukaifanya chafu. Ukiutumia, pangusa uliozidi kwa kitambaa kikavu, kisha nyunyiza dawa ya kushikizia ukiwa nje, penye upepo.

Hatua ya 3: Kubandika

Bandika kabla ya kupaka uso. Eneo la uso liache tupu, ila acha karatasi na kitambaa viingie milimita chache ndani ya mstari wa taya na shavu. Baadaye rangi ya ngozi itapanda juu yake, na uso utaonekana uko mbele ya vitu.

Vitambaa vifue kwanza. Kitambaa kipya kina wanga wa dukani unaoizuia gundi, tena hunywea kikipata maji. Kikiwa bado kibichi, kikandamize kwa kitambaa cheupe: weupe ukipata doa, rangi inachuja, nayo itachuja pia kwenye picha yako. Kiache, au ukichapishe kwenye karatasi.

Kwa shati la fundi, kata mabaki kwa kufuata vipande halisi vya shati: kola, kipande cha bega, ubavu. Usikate miraba holela. Mwenye kujua kushona ataitazama picha hii, na kola iliyokatwa kinyume ataiona kabla ya kuona macho. Kisha:

1. Panga vipande vyote vikiwa vikavu, piga picha kwa simu, uviondoe.
2. Paka midiamu ubaoni, eneo la kipande kimoja tu.
3. Paka midiamu nyembamba nyuma ya kitambaa, ukilaze.
4. Sukuma kwa kadi ya plastiki toka katikati kwenda pembeni hadi hewa na gundi ya ziada vitoke.
5. Paka midiamu juu, hasa kingoni, nyuzi zisifumuke.
6. Weka karatasi ya kuokea juu yake, kisha vitabu vizito, ulale.

Karatasi hupanuka ikilowa, ndipo mikunjo inapotokea. Ilowanishe kidogo kwa sponji, isubiri dakika mbili, ndipo uipake gundi. Magazeti halisi yatumie ukikubali kwamba yatageuka manjano. Karatasi yake ina lignini na asidi, na mwanga huharakisha kugeuka huko. Ukitaka ibaki ilivyo, toa fotokopi kwenye karatasi nzuri isiyo na asidi. Na kama umefunika sehemu kubwa ya mbele kwa karatasi, bandika karatasi ya uzito ule ule nyuma. Karatasi ikikauka huvuta. Ikivuta pande zote mbili, ubao hutulia.

Hatua ya 4: Kuhamisha mwandiko

Kurasa za daftari unaweza kuzibandika zilivyo, lakini zitaonekana kama karatasi iliyobandikwa. Ukiuhamisha mwandiko peke yake, namba huelea juu ya rangi na kahawia ya ubao hupita kati yake. Njia hii haihitaji asetoni, inayowaka haraka na yenye mvuke mbaya chumbani.

1. Nenda duka la steshenari, uulize kama mashine yao ni ya leza. Unataka tona, si wino wa maji. Pitisha kidole kilicholowa juu ya nakala: ikichafuka, siyo.
2. Mwombe ageuze picha kama inavyoonekana kwenye kioo, maana uhamisho huigeuza tena. Usiposema, "kiuno 34" itasomeka kinyumenyume.
3. Paka jeli nzito ubaoni, tabaka sawa lisilo na mifereji.
4. Laza nakala, upande wenye maandishi ukiangalia chini. Sukuma hewa kwa kadi. Jeli isipande juu ya karatasi.
5. Acha hadi kesho yake. Msimu wa mvua ongeza siku.
6. Lowanisha kwa sponji, sugua kwa ncha za vidole kwa mzunguko. Karatasi itatoka kama vipande vidogo vyeupe, tona itabaki.
7. Ikikauka utaona ukungu mweupe. Rudia kusugua mara mbili tatu, kisha funika kwa midiamu.

Penye kuchubuka usipaguse. Namba iliyokatika katikati, au "kifua" iliyobaki "kif", hufanana zaidi na daftari lililoshikwa miaka mingi. Ila jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao kilichobaki, ujue vidole vyako vina nguvu kiasi gani.

Hatua ya 5: Uso

Hapa brashi inatawala. Weka pembeni nyeusi ya tyubu. Nyeusi ikikutana na nyeupe huleta kijivu kisicho na damu, na ngozi ikawa kama ya aliyetoka kwenye majivu. Giza la ngozi lipate kwa ultramarini na amba. Kati yake ni sienna na nyekundu kidogo. Palipong'aa ni oka na nyeupe. Kama mwanga unatoka dirishani, tia bluu kidogo, maana paji la uso la mtu mweusi huakisi mbingu. Masikio, ncha ya pua na mdomo wa chini vipe nyekundu zaidi.

Anza na mafungu matatu tu: giza, kati, mwanga. Finya macho ukitazama picha ya rejea hadi vitu vidogo vipotee, upake mafungu hayo kwa brashi kubwa. Usichore kope wala mikunjo bado. Sura ikimfanana mtu katika hatua hii, kazi imekwisha kwa nusu. Isipomfanana, kope hazitaiokoa.

Kumbuka akriliki hukauka ikiwa nzito kuliko ilivyoonekana ikiwa mbichi, kwa hiyo ichanganye nyepesi kidogo. Na joto letu huikausha upesi mno. Tengeneza paleti ya maji: sahani bapa, juu yake karatasi ya jikoni iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea, na rangi juu ya hiyo. Utafanya kazi saa nyingi bila kumwaga rangi iliyoganda.

Mwisho nenda kwenye macho. Nyeupe ya jicho si nyeupe. Kwa mzee ni oka na kijivu, na huwa na kivuli cha kope juu yake. Nuru ya jicho ni nukta moja, upande ule ule wa dirisha kwa macho yote mawili. Fundi anayetunga uzi kwenye sindano kila siku huyafinya macho hata akiwa hana sindano. Mikunjo ya pembeni ya jicho ndiyo inayomtambulisha, ndevu si kitu.

Hatua ya 6: Kuunganisha uso na vitu

Wengi huishia hapa wakishangaa kwa nini kichwa kizuri kinaonekana kimekatwa na kuwekwa juu ya nguo. Sababu ni kivuli. Uso una mwanga wa upande mmoja, kitambaa hakina. Changanya amba na ultramarini kwa midiamu nyingi, iwe nyembamba kama chai isiyo na maziwa, upitishe chini ya kidevu na uiteremshe juu ya kola. Rudia hadi kivuli cha shingo na kivuli cha kola viwe kivuli kimoja. Fuata mikunjo ya shati kwa rangi hiyo hiyo, na upande wa dirishani gusa kingo za kola kwa nyeupe iliyotiwa oka. Maua ya kitambaa yaonekane ndani ya giza; usiyafunike.

Njia ya pili ni kufanya kinyume kwa makusudi: nguo iachwe bapa kabisa, uso pekee uwe na uvimbe na kivuli, kama Boafo anavyoachia ruwaza ya nguo isimame bapa kando ya ngozi iliyovurugwa kwa vidole. Zote mbili zinafaa. Kisichofaa ni nusu: kivuli mkono mmoja na ubapa mwingine, mtazamaji asijue ulitaka nini.

Nyuma ya kichwa, fifisha namba zilizo karibu na upande wa uso wenye mwanga kwa rangi nyembamba ya amba, ili shavu litoke mbele. Zilizo mbali ziache kali. Jicho la mtazamaji litaanzia usoni, liende kusoma, lirudi.

Hatua ya 7: Vitu vyenye uzito

Kifungo kilichogandishwa kwa gundi kitaanguka siku fremu itakapogongwa. Kishone. Toboa matundu mawili ya milimita 1 kwa drili ndogo, pitisha uzi wa nailoni, ufunge kwa nyuma, kisha ziba fundo kwa tone la gundi. Fundi mwenyewe akiona uzi umepita mara nne na kuzungushwa shingoni mwa kifungo, atajua umemtazama akifanya kazi.

Futikamba ya plastiki usiibandike. Gundi haiishiki vizuri, nayo hutoa mafuta yake taratibu ikawa ya kunata. Ichore kwa rangi shingoni; hapa brashi inaweza, basi iachie brashi. Kitu chochote cha chuma kipake vanishi kwanza, la sivyo chumvi ya hewa ya pwani itakiletea kutu na kutu itatiririka usoni.

Hatua ya 8: Kufunga, kutundika, kutunza

Acha picha ikauke wiki mbili, sehemu yenye hewa. Paka tabaka moja la midiamu juu ya kila kitu, kisha vanishi ya akriliki isiyong'aa mara mbili, nyembamba. Kama umemalizia na rangi ya mafuta, midiamu hiyo iache, na vanishi iwe ya kazi za rangi ya mafuta, nayo isubiri miezi sita hadi mwaka. Rangi hiyo hukaukia ndani polepole sana.

Fundi fremu akutengenezee fremu yenye kina, kioo kikae angalau sentimita moja juu ya kifungo kilichochomoza zaidi. Akriliki hulainika kwenye joto ikagandana na chochote kinachoigusa, kwa hiyo usilaze picha juu ya picha, na ukisafirisha weka karatasi ya kuokea mbele yake, nailoni iwe nje.

Nyuma ya ubao andika jina lako, mwaka, vipimo na vifaa vyote: "Akriliki, kitambaa cha pamba, uhamisho wa tona na vifungo kwenye ubao, sm 60 x 80." Mnunuzi anaihitaji orodha hiyo, na zaidi yake atakayekuja kuitengeneza baada ya miaka ishirini, ili asifute kwa maji kitu kisichotaka maji. Kama unaiuza, ongeza kwamba mwenye sura na mwenye daftari waliridhia.

Itundike mbali na jua la moja kwa moja, maana rangi za vitambaa hupauka kabla ya akriliki. Bandika vipande vinne vya kizibo kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta; ukuta wa nje unaopigwa na mvua ni kiwanda cha ukungu. Vumbi la fremu na kioo lifute kwa brashi laini na kavu. Kitambaa kibichi kikae mbali nayo.

Ikiharibika njiani

- Povu la hewa chini ya karatasi: lichane kwa wembe, ingiza midiamu kwa sindano ya bomba, kandamiza.
- Uso umeingia giza mno: usiongeze nyeupe juu ya kila kitu. Paka upya fungu la mwanga peke yake, kwa oka na nyeupe.
- Vitu vimeuzidi uso: pitisha amba nyembamba juu ya vitu vyote, kisha rudishia ukali sehemu moja tu.
- Ubao umepinda kidogo: ulaze kifudifudi juu ya karatasi ya kuokea, lowanisha kidogo upande wa nyuma uliobonyea, weka uzito pembeni siku mbili, kisha uuzibe vizuri.
- Hafanani: rudi kwenye mafungu matatu, upime umbali wa jicho na jicho na wa pua na mdomo. Mara nyingi kosa ni milimita tatu au nne, na liko hapo.